Nguo Zilizopitiliza

Dukani alikofanya kazi Dobi palikuwa na chumba cha nyuma ambacho wateja hawakupenda hata kusikia kikitajwa. Hakikuwa na dirisha. Ndani yake, kwenye mabomba yaliyokazwa ukuta kwa ukuta, zilining'inia nguo za watu waliochelewa: makoti, suti za harusi, gauni la mtoto lenye utepe, zote safi, zote zimepigwa pasi, na hakuna hata moja ambayo ingerudi kwa mwenyewe. Dobi aliingia humo kutundika, akatoka haraka. Hakupenda namna mikono ya makoti ilivyotikisika mlango ukifunguliwa.

Sharti lilikuwa la bosi. Mteja alinunua kadi ya mwaka, na kwa kadi hiyo aliweza kuleta nguo mara nyingi apendavyo mpaka mwaka uishe. Lakini kila mzigo ukishafuliwa ulikuwa na muda wake wa kutundikwa mbele, mwezi mmoja basi, na tarehe ya mwisho aliigonga Dobi mwenyewe kwa muhuri kwenye kikaratasi kigumu alichokifunga kifungoni. Tarehe ikipita, nguo inahamia nyuma, na ikifika nyuma imekwenda. Bosi aliziuza kwa wachuuzi wa mitumba. Watu walikuja wamekunja uso, kadi mkononi, wakiuliza si kadi bado haijaisha. Dobi alikuwa mtu mwema, ila kwa wazembe huruma yake ilikuwa ya kupimwa kwa kijiko. Aliwajibu bila kuinua macho toka kwenye pasi kwamba kadi ni ya kuletea nguo, na kukaa kwa nguo ni habari nyingine, watazame kwenye kifungo.

Aliyasema hayo karibu kila wiki, na mwaka huo ulikuwa wake wa tatu ugenini. Mganga hajigangi.

Maana Dobi naye alikuwa na kadi yake. Ilibandikwa kwenye pasipoti, ukurasa mzima, inang'aa: viza ya miaka mitano, ya kuingia mara nyingi. Siku aliyofika, afisa aligonga muhuri mdogo ukurasa wa mbali huko, akaandika kitu kwa kalamu, akamrudishia bila kumwangalia. Dobi hakuusoma. Alidhani ni namna yao ya kusema karibu mgeni. Aliifunga pasipoti kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka kabatini chini ya mashuka, na tangu hapo alichokikumbuka ni ile miaka mitano tu.

Mama yake kule nyumbani alikuwa akimuuliza kwenye simu atakuja lini. Naye akamjibu kwa maringo ya mtu mwenye funguo zote mfukoni: mimi si mfungwa, Mama, nikitaka kuja nakuja, nikitaka kurudi narudi, baridi ikiisha utaniona. Baridi iliisha, ikaja nyingine, ikaisha nayo. Mtu anayeamini mlango uko wazi hana haraka ya kuupita.

Kisha akaja mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, kwa viza kama hiyohiyo. Alikuja kutembea tu. Mtoto wake wa kiume alimwacha kwa bibi, mtoto ndiyo kwanza anajifunza kufunga vifungo vya shati. Alipokuwa anajiandaa kurudi, mpira wa mvuke ukapasuka dukani na kumbabua Dobi mkono wa kulia, toka vidole hadi kiwiko. Kitinda akaisogeza safari mbele, akabaki kumfunga bandeji na kumpikia.

Mkono ulipona. Kitinda akasema sasa aende, mtoto anaulizia. Dobi akamcheka, akamwambia haraka haraka haina baraka, viza ya miaka mitano si ya kuogopwa kama maziwa yanayochacha. Ukweli ni kwamba alikuwa ameonja raha ya kurudi jioni akakuta taa imewashwa na mtu wa kumuuliza siku imekwendaje, na raha hiyo hakutaka kuiachia. Kitinda alimwamini, kwa sababu alikuwa kaka yake. Kila aliposema atakwenda, Dobi alikuwa na neno. Hivyo ikapita miezi.

Jumatano moja mama mmoja wa kwao, aliyekuja kuona wajukuu, alileta koti la kijivu. Dobi alipekua mifuko kama ilivyo kazi ya dobi kabla nguo haijaingia mashineni, na badala ya leso na sarafu akatoa pasipoti. Akaiweka kwenye kopo la vitu vya wateja. Mchana yule mama akarudi akihema, kijasho kimemtoka, akasema nusura azimie, kwa maana kesho anaondoka.

Dobi akamtania. Alikuwa ameiona viza yake, bado mbichi kabisa. Wajukuu wamemchosha mara hii?

Mama hakucheka. Akafungua pasipoti juu ya meza ya kupigia pasi, akapita ukurasa unaong'aa bila kuutazama, akaenda mpaka kwenye muhuri mdogo, akauwekea kidole.

"Ile nyingine ni ya kubishia hodi, mwanangu. Ukishaingia, siku zako za kukaa ni hizi hapa."

Akamsimulia habari za mpwa wake, binti aliyehesabu kwa viza na hakuhesabu kwa muhuri. Siku ya kuondoka, uwanjani, afisa alitazama mashine, akamwita mwenzake, wakampeleka kwenye chumba kisicho na dirisha. Viza waliifuta humohumo. Majuma yalipita akiwa kizuizini kabla hajapandishwa ndege, na mpaka leo akiomba ruhusa ya nchi yoyote anaulizwa kama aliwahi kupitiliza siku zake. Mama alieleza bila chuki, kama mtu anayesimulia mvua. Alichukua pasipoti yake na kumtakia Dobi kazi njema.

Dobi alibaki ameshika pasi mpaka akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alikuwa amelisema neno hilohilo mwenyewe, mezani hapohapo, kwa watu wasio na idadi. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliomba ruhusa, akasema mkono unamuuma.

Nyumbani Kitinda alikuwa amekwenda sokoni, hajarudi. Dobi akavuta mashuka, akafungua mfuko wa nailoni. Muhuri ulikuwepo, umefifia kidogo, na tarehe ya kalamu chini yake ilisomeka vizuri tu. Ilikuwa ya mwaka ule aliofika. Akaisoma tena, akidhani labda ameshika pasipoti ya mtu mwingine. Akakaa sakafuni. Kumbe ile miaka yote ya kwenda kazini akisalimiana na askari wa njia panda, alikuwa ananing'inia chumba cha nyuma.

Akachukua ya Kitinda. Tarehe yake ilikuwa Ijumaa, keshokutwa.

Hapo shetani alimwendea Dobi, na hakuja kwa pembe. Alimnong'oneza kwa sauti yake mwenyewe: rudisha pasipoti chini ya mashuka. Ijumaa itapita kama siku nyingine, hatajua, na mtakuwa wawili. Dobi aliogopa kubaki peke yake na jambo lile kuliko alivyowahi kuogopa kitu, na dakika chache, Mungu amsamehe, alilikubali wazo. Kisha akaona kiganjani kovu la mvuke, jinsi lilivyofunga vizuri kwa sababu mtu alikuwa akilisafisha kila siku huku mwanawe anajifunza vifungo kwa bibi. Akajikaza kisabuni.

Kitinda aliporudi alimweleza yote kuhusu muhuri, na kwamba kosa ni lake yeye kaka mtu. Akipita Ijumaa, mlango unafungwa, na huenda wakamzuia huku mtoto anamngoja. Kitinda alipauka. Aliweka vikapu chini, na swali la kwanza halikuwa la mwanawe.

"Na yako, kaka?"

"Yangu nilishaiangalia. Mimi wa zamani, yangu mpango wake mwingine."

Kitinda alimtazama kidogo, kama anayetaka kuuliza tena, kisha akaenda kushusha sanduku. Walibadilisha siku ya tikiti jioni ileile.

Alhamisi uwanjani Dobi alisimama nyuma ya kamba, mahali wasindikizaji wanapoishia. Askari wawili walipita karibu yake wakizungumza mambo yao, na mgongo ukamloa. Aliuona mstari ukisogea, akamwona Kitinda akiinyoosha pasipoti. Afisa hakuitazama ile viza inayong'aa hata kidogo. Alifunua kurasa mpaka kwenye muhuri, akainama kwenye mashine, akakaa hivyo muda ambao kwa Dobi haukuwa na mwisho. Kisha akagonga, akasema kitu, na Kitinda akapita.

Upande wa pili kulikuwa na kioo kirefu. Kitinda alisimama hapo, akatoa simu, akapiga, na Dobi akamwona midomo ikicheza kabla sauti haijamfikia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Alisema wamempitisha bila neno, wakamwambia karibu tena.

"Alhamdulillahi," Dobi akasema.

"Mama nimwambie unakuja lini? Amechoka, kaka. Nilikuwa sikwambii, lakini amechoka sana. Nimwambie baridi ikiisha? Si viza ipo?"

Askari mmoja alikuwa amegeuka, anarudi kando ya kamba taratibu, akiangalia nyuso za watu.

"Ipo," Dobi akajibu, na hapo hakusema uongo.