Orodha ya Wapagazi wa Mkonze

Mama alipoacha kula, hakulalamikia maumivu. Alilalamikia jina.

"Nikifika huko nikamkuta babu yangu, nitamwita nani? Nitamwambia wewe hapo?"

Nilikuwa nimemshikia bakuli la uji wa uwele. Nikamjibu kwa ukali, ndivyo nilivyo, kwamba anywe kwanza, mambo ya huko ayaache huko huko. Akafumba mdomo. Mgogo akikataa, amekataa.

Babu yake huyo alichukuliwa hapa Mkonze zama za Mjerumani, vita vilipoanza. Alibebeshwa mizigo ya jeshi na hakurudi. Baba yake mama alikuwa bado ananyonya, naye akakua bila kuambiwa jina. Ikaja njaa, watu wa ukoo wakafa, waliobaki wakatawanyika, na aliyekuja kumlea mama ni bibi yake, mjane wa yule pagazi. Basi huyo bibi hakutaja jina la mumewe hata siku moja. Kwa adabu za wakati wake mke hamtaji mume, awe hai awe amekufa. Alimwita "mwenye nyumba", basi. Mama akakua, akaolewa, akatuzaa sisi, hajauliza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, lakini nani angemlazimisha bibi kutamka jambo la aibu? Akafa nalo.

Mimi nilikuwa nimestaafu. Kazi yangu ya maisha ilikuwa masjala ya hospitali, kuandika watu wanapoingia. Nikajisemea, hili naliweza, makaratasi hayanishindi. Nikamwahidi mama kwamba nitamletea jina angali hai.

Nilianzia kanisani. Kwenye kitabu cha ubatizo bibi yumo, alibatizwa ukubwani, na mahali pa jina la mume pameandikwa: "Pagazi. Hakurudi." Ala! Yaani hata mchungaji aliuliza akaambulia patupu. Siku ile nilimchukia bibi, Mungu anisamehe, nilimchukia marehemu kwa adabu zake.

Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, kwenye jumba la nyaraka. Wiki tatu nzima nilikaa kwa binti wa dada yangu, kila asubuhi nafungua mafaili ya vumbi, jioni napiga simu nyumbani naambiwa mama leo kanywa maji tu. Mwishowe mtunza nyaraka, mama mtu mzima mwenye miwani, akaniletea karatasi zilizoshonwa kwa uzi.

"Si ulisema Mkonze, dada?"

Ilikuwa orodha ya wapagazi, imeandikwa kwa Kiswahili na karani wa boma, na jina lake pale chini ni la mtu wa pwani. Pembeni, kwa wino mwingine, Mjerumani aliweka msalaba kwa kila aliyekufa.

Nikasoma. Wa kwanza, Mbukwa. Wa pili, Mbukwa. Wa tatu ana jina la mtu. Wa nne, Mbukwa. Wa tano, Mbukwa. Hivyo hivyo mpaka chini, nikageuza ukurasa, hivyo hivyo tena. Wawili watatu walioandikwa majina kamili walikuwa wa koo ninazozijua, si yetu.

"Lo, ukoo wenu mkubwa!" mtunza nyaraka akafurahi kwa ajili yangu.

Nilicheka, kicheko kibaya, hata watu wakageuka. Nikamweleza kwamba Mbukwa si jina, ni salamu yetu. Anayesalimiwa Mbukwa naye huitikia Mbukwa. Karani kakaa mezani, anauliza, "Jina lako nani?" Mgogo wa siku zile Kiswahili anakijulia wapi? Mgeni anapokusemesha neno la kwanza, atakuwa anasema nini kama si salamu? Akaitikia kwa heshima zake zote. Karani akaandika. Haya, mwingine!

Nilitaka kumtukana yule karani huko aliko. Lakini nimtukane kwa kinywa kipi? Mimi mwenyewe nimewaandika wangapi, foleni imefika nje, mama wa watu katoka Haneti na homa anajibu kwa sauti ndogo, nami naandika nilichodhani nimesikia na kumwambia pita, pita? Niliinamia ile orodha nikalia mbele za watu. Babu alikuwamo. Pengine nilishampitisha kidole juu yake. Na karibu wote walikuwa na misalaba, kwa hiyo hata kusema huenda aliponea mahali sikuweza.

Nikarudi. Njiani nilipanga kumdanganya mama, nimtajie jina lolote la Kigogo, afe ametulia. Halafu nikafikiri, mtu huyu anakwenda kumwita mwenzake kwa jina hilo, na mwenzake hatageuka. Sikuthubutu.

Nilimkuta kitandani amebaki mifupa. Masikio yalikuwa yameshamtupa.

"Shikamoo mama," nikapaza sauti.

"Marahaba. Umempata?"

Nikapiga magoti, nikaweka mdomo sikioni kwake. "Ameandikwa Mbukwa, mama."

Uso ukamlainika. Akatoa mkono kwenye blanketi akanishika. "Mbukwa, mwanangu," akaitikia. Kisha akageuza kichwa, akaniletea lile sikio linalosikia kidogo, akasubiri nimtajie jina.