Protini Isiyotaka Kulala

Nakumbuka asubuhi moja ya maziwa mengi huku kwetu Masisi, mwanangu Furaha. Dada yangu Odette alikuwa akitengeneza jibini za kumkaribisha padri mpya, mtoto wa kilima chetu, na wanakwaya wenzake walikuwa wakimngoja Odette mazoezini. Basi akatia prezuri, ile dawa ya tumbo la ndama inayogandisha maziwa, kupita kipimo. Maziwa yakashika upesi. Akaondoka akiimba, akimtania mjomba wetu, Papa Bauma, kwamba yeye huyangoja maziwa kama mtu anayechumbia.

Wiki zikapita, padri akafika. Jibini zilikuwa nzuri kwa macho. Akaonja, akatabasamu kwa adabu, akaomba maji. Zilikuwa chungu. Prezuri iliyozidi haikukoma maziwa yalipoganda. Ilibaki ndani ikizikatakata protini za maziwa kimya kimya.

Papa Bauma hakumgombeza Odette. Alimkalisha karibu, akamwambia: "Kugandisha maziwa, kila muntu anaweza. Lakini ule mufanyakazi uliingiza mu nyumba, nani atamuambia apumzike?"

Maneno hayo yamenirudia tangu uliponipigia simu kutoka chuoni. Ulinieleza polepole, nami mzee nikaelewa: mmeingiza katika seli hai protini mliyoitengeneza wenyewe, taa ya buluu ikiwaka inafanya kazi, taa ikizimwa inapaswa kulala. Yako inaamka vizuri, ila kulala haitaki. Na wiki ijayo utaionyesha kwa walimu. Ukaniuliza, "Papa, nikionyesha tu vile inaamka, iko zambi?"

Mwanangu, haraka haraka haina baraka. Muumba mwenyewe alifanya kazi, kisha akapumzika. Kukoma nako ni sehemu ya kazi. Waonyeshe walimu kuamka kwake na ukaidi wake pia, halafu uombe muda. Wenzako wakicheka, waache wacheke, kicheko hakitoboi ngozi. Huenda siku moja seli za namna hiyo zikatiwa katika mwili wa mtoto mgonjwa. Mama yake hatauliza kama protini iliamka upesi. Atauliza kama itasikia ikiambiwa basi.

Usiwashe usichojua kukizima, na usifiche kilichokushinda.

Mungu aliyekupa akili akuongezee subira. Aibariki mikono yako na walimu wako, awape usingizi mwema wote wanaokesha kwa ajili ya wagonjwa, na akurudishe kwetu njia ikiwa na amani. Nenda ukaseme kweli, binti yangu. Sisi huku tunakuombea.