Kilima Tulichokitazama kwa Simu

Rafiki yangu aliishi Houston miaka mitano bila kuona theluji. Tulisoma chuo kimoja huko na tukapanga nyumba moja, Wakenya wawili tuliodhani Marekani yote ni baridi. Kisha kibali chake cha kazi kikakaribia kuisha na mwajiri wake akakataa kumwombea kingine, basi rafiki yangu akakata tiketi ya kurudi Nakuru. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi ya ofisini Plano, kaskazini mwa Dallas. Alinipigia simu mwanzoni mwa mwaka 2019.

"Siwezi kurudi hivi," akasema. "Nikiwaambia Houston kuna joto kama Kisumu, watasema nilikuwa Kisumu."

"Unataka kuiona theluji tu?"

"Kuiona nitaiona hata kwenye friji. Nataka kuteleza na zile mbao za miguuni. Mara moja. Hata nikianguka, sawa. Tafuta mahali, profesa. Wewe si ndiye mtu wa kutafuta?"

"Profesa" lilikuwa jina lake la kunitania. Aliniita hivyo tangu siku niliposimama dukani nikisoma maandishi ya nyuma ya pakiti za mchele mpaka tukachelewa darasani.

Nilitafuta. Milima ya Colorado ilikuwa mbali na uwanja wa ndege, ya kwenda na kulala, naye alibakiwa na Jumamosi chache tu. Ndipo nikagundua kwamba karibu na Chicago, mji niliodhani umezungukwa na nchi tambarare kama meza, kuna vilima vidogo ambako watu hutengeneza theluji kwa mashine na kuwafundisha wanaoanza. Ukitoka Dallas na ndege ya alfajiri, unakodi gari, unateleza mchana kutwa, na jioni unarudi. Kilima nilichokipenda kilichekwa hata na wenyeji wake. Mmoja aliandika kwamba ukipiga chafya ukiwa juu, ukifumbua macho umeshafika chini. Sisi kilitutosha.

Ningelikata tiketi jioni ileile. Badala yake niliendelea kusoma. Mtu mmoja alilalamika kwamba theluji ya pale ni barafu tupu. Mwingine alisema alipewa viatu vyenye unyevu. Nilitazama video za namna ya kuanguka bila kuumia, kisha nikasoma kama mtu aliyevunjika mguu huruhusiwa kupanda ndege ya kuvuka bahari. Jumamosi ya kwanza utabiri ulisema kutanyesha, nikamwambia tungoje. Ya pili ilikuwa wikendi ya sikukuu, nikaogopa foleni. Kila mara alijibu, "Sawa, wewe ndiye unajua." Ikabaki Jumamosi moja, na siku ya pili yake ndiyo safari ya Kenya.

Alipanda basi kutoka Houston na mabegi yake, akafikia kwa anti yangu, nesi anayeishi Mansfield, si mbali na Dallas. Anti hakutaka hata kusikia kwamba mtu anayerudi nyumbani atalala kwenye kochi langu.

Kwetu mtu akirudi nyumbani, habari humtangulia. Ijumaa, jua halijazama, watu wa kanisa la Anti walianza kufika na mizigo ya kupelekewa wazazi. Viatu vya mzee. Mashine ya kupima presha. Vitamini. Simu iliyofungwa ndani ya soksi. Kila mmoja alisema, "Ni kadogo tu, hakana uzito," kisha akaketi kunywa chai, maana huwezi kumkabidhi mtu mzigo wa mama yako na kuondoka kama tarishi. Rafiki yangu alipokea vyote. Angemkatalia nani? Mabegi yakawa hayafungiki, na bado wengine walikuwa wamepiga simu kusema watakuja kesho.

Alinivuta hadi gereji.

"Kesho twende," akanong'ona. "Nafasi kwenye ndege bado zipo, nimeangalia. Mizigo tutapanga tukirudi."

"Na ndege ya kurudi ikichelewa?"

"Itachelewa kwa nini?"

"Theluji inaweza kufunga uwanja. Na hawa watu wanaokuja kesho, watamkuta nani?"

"Watamkuta Anti. Watakunywa chai." Akanitazama. "Profesa, ukisema twende, tunaenda. Nakuuliza wewe."

Hakuna swali la mtihani nililowahi kulifikiria sana kuliko lile. Utabiri niliujua kwa moyo: jua, hakuna upepo. Nikamjibu, "Tuone asubuhi." Ndege yenyewe ilikuwa ya alfajiri. Sote wawili tulijua nilichosema.

"Haya," akasema, akarudi kwenye chai.

Jumamosi tulishinda sebuleni, sakafuni, na mzani wa bafuni wa Anti. Yeye alipanda mzani akikumbatia begi, mimi nikasoma na kutoa uzito wake. Katikati ya kazi hiyo nilikuwa nikiifuatilia kwa simu ile ndege tuliyoiacha. Iliondoka kwa wakati. Ilitua Chicago mapema. Halafu nikagundua kwamba kile kilima kina kamera inayokionyesha mchana kutwa, nikaifungua.

"Nini?" akauliza, kwa kuniona uso. Nikampa simu.

Kilikuwa kilima kifupi, cheupe, chenye miti mitupu pembeni na jua tele. Watu walionekana wadogo kama njugu. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Unamwona yule wa koti jekundu? Huyo ni mimi."

"Wewe huna koti jekundu."

"Leo ninalo. Nyamaza, nashuka."

Mtu wa koti jekundu alishuka magoti yamekunjwa, mikono ameitanua, akapinda kushoto bila kutaka, kisha akaketi kitako.

"Nimeanguka!" akapiga kelele. "Anti, nimeanguka!"

"Umeangukia wapi?" Anti akajibu kutoka jikoni. "Usinivunjie mzani!"

Rafiki yangu alicheka mpaka akafuta macho. Nami nilicheka. Mtu wa koti jekundu aliinuliwa na mwenzake, wakasimama wakiongea, wakatoka nje ya picha. Tulingoja apande tena. Walishuka wengine, wa kijani, wa bluu, watoto wakifuatana. Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa mama mmoja na mfuko wake. "Ni kadogo tu, mwanangu." Rafiki yangu alinirudishia simu, akainuka kumpokea.

Ndege ya kurudi jioni nayo niliifuatilia hadi ilipotua. Ilitua kabla ya saa yake. Sikumwambia.

Jumapili nilimpeleka uwanjani. Njia nzima kutoka Mansfield nilikuwa nikipanga maneno kichwani: ya mizigo, ya heshima ya Anti, ya mguu uliovunjika, ya theluji isiyotabirika mwezi huo. Kama angelalamika kidogo tu, ningejitetea vizuri. Lakini alizungumza juu ya dada zake, na juu ya mahindi ya kuchoma atakayokula kabla hata ya kufika nyumbani. Mabegi yalipita bila shida. Alinikumbatia, akasema, "Asante kwa kila kitu, ndugu yangu," na alimaanisha hivyo. Kisha akavua viatu, akaviweka kwenye trei ya ukaguzi, akapita upande wa pili.

Sababu zangu nilirudi nazo Plano, zote.