Siku Niliyoliamkia Gari

Uvumilivu wangu uliniishia mchana kweupe, nimepiga magoti juu ya boneti ya gari la watu, mtoto mgongoni, ndala moja mguuni na nyingine sijui imeangukia wapi, na nusu ya Kariakoo inanitazama. Aibu ninayo, sikatai. Lakini mkasa wenyewe umeshasimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, wakaongeza chumvi mpaka nikasikia eti nilipandisha mashetani nikaongea Kiarabu, kwa hiyo bora mnisikilize mimi niliyekuwa juu ya ile boneti.

Tunakaa chumba na sebule kwenye nyumba ya Mzee Sudi, upande wa Kariakoo unaoelekea Gerezani. Mlango wetu unatazama uchochoro (si mtaa, uchochoro), na ng'ambo yake kuna mlango wa nyuma wa stoo ya mitumba, ya huyo huyo Mzee Sudi. Hapo wanapita wapangaji, wapagazi, mikokoteni, na mtu akifa ndani ya nyumba hii jeneza litapita hapo hapo.

Basi likaja lile gari. Gari la spoti, milango miwili, limelala chini kama kitu kinachovizia, vioo vyeusi tii, na rangi ile tunayoiita damu ya mzee. Mbele limechongoka, nyuma limetanuka nyonga kama bibi harusi. Bajaji mbili zinapishana uchochoroni kwetu, lakini likiingia lile peke yake limeenea pote, upande wangu linabakiza upenyo wa mtu aliyefunga kula. Mimi na mwili wangu wa uzazi nikawa napita ubavu ubavu, nimevuta tumbo, vifungo vya gauni vinakwaruza bati.

Upana ni usumbufu tu, tungeuzoea. Kilichotutisha ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa anashuka.

Linaingia, linazimika, halafu kimya. Tunasubiri mlango ufunguke, haufunguki. Baada ya muda vioo vya pembeni vinajikunja vyenyewe, taratibu, kama masikio ya paka aliyesikia kitu, na boneti inabaki inalia ti, ti, ti, inapoa. Ukisogeza uso kwenye kioo unaona uso wako tu. Jioni linawaka, linaondoka, na hakuna aliyeona mtu akipanda. Siku moja lilikwaruza ukuta, rangi ikabaki pale, mchirizi mwekundu mrefu usawa wa kiuno, na watoto wakaacha kucheza uchochoroni bila kukatazwa na mtu.

Isipokuwa Glory wangu. Huyo akisimama mlangoni alikuwa anakipungia kile kioo cheusi.

"Unampungia nani?"

"Babu."

"Babu yupi?"

"Wa ndani."

Nikamvuta, nikafunga mlango, nikafunga na dirisha.

Kesho yake nikamuuliza mpagazi mmoja wa pale stoo, "Kaka, hili gari la nani?"

"La mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe bwana! Dada, maswali gani hayo?" Akaangalia pembeni, akabeba robota lake akaenda zake.

Mimi mtu wa Machame. Kwetu mwenyewe ni mwenye mali, habari imeisha. Kosa langu ni kwenda kumsimulia Bi Mwanahawa, jirani yangu wa chumba cha pili, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Kakwambia la mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi usirudie kuuliza, mwanangu. Wale hawatajwi kwa jina. Ndiyo maana tunawaita wenyewe."

Alimaanisha majini. Mimi ni mwanakwaya, sikuamini (nawaambieni sikuamini), ila tangu siku hiyo nikawa kila nikipita pale naimba pambio.

Sasa hiyo siku yenyewe. Stoo ng'ambo walikuwa wanashusha marobota, yamepangwa mpaka nje ya mlango, vumbi la nguo za watu limejaa hewani. Glory ana pumu. Kifua kikaanza kumbana, nikachukua dawa yake ya kupuliza, natikisa, natikisa, tupu. Nikampigia dereva wa bajaji ninayemjua, akasema yuko hapo mwisho wa uchochoro, nije haraka. Namfunga Glory mgongoni, nafungua mlango.

Gari hili hapa. Limebanana na kizingiti changu, halijawahi kusogea upande wangu namna ile. Huko nyuma yake mkokoteni uliojaa mzigo umeziba njia. Upenyo uliobaki haupiti hata sufuria.

Nikagonga kioo. "Jamani, kama kuna mtu, nina mgonjwa!" Kimya. Nikagonga tena, kwa kiganja, kwa ngumi. Mgongoni nasikia kifua cha mwanangu kinapiga filimbi, ile filimbi nyembamba ambayo mama yeyote mwenye mtoto wa pumu anaisikia hata usingizini. Madirisha yangu yana nondo. Ningetulia nikapiga kelele wale wapagazi wautoe mkokoteni gari lirudi nyuma, huenda leo nisingekuwa na cha kusimulia. Sikutulia. Nilikunja kanga nikapanda boneti.

Kanga ikanasa kwenye kioo cha pembeni. Navuta, haitoki, ndala ikaenda, goti likateleza, nikajikuta nimepiga magoti pale juu nimeelekea kioo cha mbele kama niko madhabahuni. Wapagazi wakaacha mizigo. Wamachinga wa kule barabarani wakaingia kutazama. Halafu gari likatikisika. Mimi nimetulia kabisa, watu wote wako mbali, na gari linatikisika chini yangu, mara moja, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Usishuke!" Bi Mwanahawa anapiga kelele kutoka mlangoni kwake. "Mama Glory, umewapanda wenyewe! Lina mkubwa hilo, liamkie! Liamkie uombe njia!"

Mtasema mlivyo na akili ningekataa. Nyie hamkuwa na mtoto anayepiga filimbi mgongoni. Nikainamisha kichwa, nikasema kwa adabu zangu zote:

"Shikamoo."

Watu wote wakatega masikio. Hata Glory nilimsikia akivuta pumzi nusu.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti nzito, ya kikohozi, inatoka chini ya magoti yangu.

Jamani, watu walikimbia! Wapagazi walirusha marobota, mmoja akapita juu ya mwenzake, Bi Mwanahawa akajifungia na kumbe ameifungia kanga yake nje. Na kule mwisho nikasikia bajaji ikiwaka, ikaondoka. Bajaji yangu. Hapo ndipo hofu ilinitoka yote, ikabaki hasira, nikakipiga kile kioo kwa ndala iliyobaki.

"Uwe jini uwe nani, umenifukuzia usafiri! Toka!"

Kioo cha mlangoni kikashuka kiasi cha vidole viwili, kikashuka tena. Ndani, amelowa jasho, kofia ya kiua mapajani, amekaa Mzee Sudi. Mwenye nyumba wangu.

"Mama Glory, ni mimi. Mlango haufunguki."

Siku zote alikuwa analiegesha mlango wake ukiwa sawasawa na mlango wa stoo, maana milango ya gari lile ni mirefu kama ya kabati, ukutani haifunguki. Anafungulia ndani ya stoo, anaingia, hakuna anayemwona. Leo marobota yamemzibia. Akasogea upande wangu apate nafasi, haikutosha, mkokoteni ukamziba nyuma.

"Kwa hiyo muda wote nagonga ulikuwa humo?"

"Nilikuwemo."

"Unanisikia?"

"Nilijua mtapita tu, mama. Nimeona haya. Mzee kama mimi, na gari la vijana, watu wangenicheka..."

"Mtoto wangu hapumui, wewe unaona haya!"

Sikumwambia tena shikamoo. Nilimwambia washa. Nikaingia kwa dirishani, kichwa kwanza, Glory nimemtanguliza, kanga ikabaki inaning'inia kwenye kioo, na huyo mzee akakanyaga mafuta. Gari lilinguruma kama linakwenda Morogoro. Lilikwenda mpaka mdomo wa mbele wa uchochoro, ule lisioupitia siku zote, likakwama. Kulia nguzo ya umeme, kushoto meza ya muuza vyombo, masufuria yanadondoka moja moja, na milango haifunguki tena.

Nikatoka kwa dirishani vile vile. Nikakimbia Kariakoo nzima na gagulo, bila kiatu, mtoto kifuani, na nyuma yangu sauti inawaambia wengine, "Huyo! Huyo ndiye aliyeamkia jini likamwitikia!" Kwenye zahanati nesi alimpokea Glory akamwekea mashine ya mvuke, halafu bila neno akanitupia mimi shuka.

Alipata nafuu. Alilala mikononi mwangu, midomo imerudi rangi yake.

Jioni Mzee Sudi akaja na juisi na machungwa, anasema tuyamalize nyumbani. Majirani wakaninong'oneza nikubali, huyo ndiye mwenye nyumba, nikikataa atanitoa. Bi Mwanahawa yeye alisema tu, "Mimi nilikwambia lina mkubwa. Uongo?" Mimi nilichojifunza ni kimoja: siku zote zile nilizovuta tumbo nikapita ubavu, nilidhani ni ustaarabu. Sirudii. Asubuhi nilivaa gauni la kanisani nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa.

Mtendaji aliponiona alikaza midomo asicheke. "Wewe ndiye yule wa..."

"Ndiyo mimi. Andika."

Akaandika, na alipotaka kupunguza maneno nilimkatalia, nikamwambia anisomee tena ndipo nikatia sahihi. Malalamiko yangu ni haya:

"Mimi, mama wa Glory, mpangaji, namlalamikia mwenye nyumba wangu kwa kuegesha gari pana kwenye njia pekee ya kutokea ndani kwangu, na kwa kukaa kimya ndani ya gari hilo huku akinisikia naomba njia ya mgonjwa. Simlalamikii kwa kuwa na gari. Silalamiki kwa kuchekwa. Sitaki juisi wala machungwa. Naomba aamriwe asiliingize tena uchochoroni, kuanzia leo, kwa sababu mwanangu akibanwa kifua hana muda wa kusubiri mtu mzima amalize kuona haya."