Nilivyoisimamisha Ndoa ya Dada kwa Lenzi ya Zamani

Mpaka leo siwezi kupita mbele ya msikiti wa mtaani kwetu, hapa Kilosa, bila kushusha kofia hadi kwenye nyusi, maana humo ndani, mchana kweupe, niliisimamisha ndoa ya dada yangu wa tumbo moja, na sababu yenyewe naona aibu hata kuitaja.

Dada Mwajuma aliniomba kitu kimoja. "Mdogo wangu, mimi nitakuwa nyumbani na wanawake, sitamwona Baba akiniozesha. Nipigie picha ya uso wake pale anaposhika mkono wa Shabani. Hiyo moja inanitosha."

Mtu mwenye akili angechukua lenzi iliyokuja na kamera, inayotafuta uso yenyewe, akabonyeza, akaenda kula pilau. Lakini mimi (niliyejifunza kazi hii peke yangu kwenye simu, na ninayeweza kufuta picha nzuri kwa ajili ya unywele mmoja) nikaona siku kama ile inastahili lenzi yangu ya chuma, niliyoinunua kwa mzee mmoja wa Morogoro aliyefunga studio, lenzi iliyonizidi umri, ambayo naiunganisha na kamera ya kisasa kwa pete maalumu. Inatoa sura laini, ya kupendeza. Ila kila kitu unazungusha kwa mkono, na ukiifungua sana ili iingize mwanga, jicho likikaa sawa, sikio limeshapotea kwenye ukungu. Wiki nzima nilifanya mazoezi kwa jagi la maji (jagi halipumui, wala halipepesi macho).

Msikitini mwanga ulikuwa hafifu, nikaifungua yote. Lenzi yenyewe haivuti mbali, kwa hiyo nikasogea kwa magoti mpaka karibu na shehe. Baba akashika mkono wa Shabani, akaanza, "Nimekuozesha binti yangu Mwajuma," nami nazungusha, kofia ya Shabani inaonekana uzi kwa uzi, Baba ni ukungu, nazungusha tena, sasa ndevu za shehe ziko wazi, Baba bado ukungu, jasho linaniingia jichoni, na Shabani huyo anafungua mdomo ajibu, nikajua akishajibu imekwisha, nikapaza sauti:

"Shemeji, subiri! Usikubali kwanza!"

Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wangu kuliko wa shehe. Spika iko juu ya paa. Kwetu ni nyumba ya nne kutoka hapo.

Shabani akaachia mkono wa Baba kama kashika kaa la moto.

"Kijana," shehe akasema, "wewe ni nani wa bibi harusi?"

"Mdogo wake, shehe."

"Una pingamizi?"

"Hapana, shehe. Ni Baba... Baba ana ukungu."

Kabla hajaniuliza ukungu gani, tukasikia kilio kutoka nyumbani, badala ya vigelegele, na mara Shangazi Tausi huyo mlangoni, peku, khanga inaburuta. "Nani kaikataa ndoa? Bibi harusi kaanguka huko nyumbani!"

"Mpiga picha," akajibu mzee mmoja, wala hakucheka.

Ikabidi mtu akimbie kumtuliza Dada, na shehe aanze upya. Safari hii lenzi ikakaa sawa, nikabonyeza.

Jioni Dada akaitaka picha yake. Uso wa Baba umetoka vizuri ajabu, kila kunyanzi, kila unywele wa ndevu. Mkono kamshika Shabani, ila macho yote mawili kanikazia mimi, na kwa macho yale ningekuwa mbuzi ningeshachinjwa. Dada aliitazama, macho yake bado mekundu, kisha akanirudishia kamera.

"Kwa hiyo hivi ndivyo Baba alivyoniozesha," akasema.

Siku hizi harusini naenda na lenzi inayojitafutia, hata picha ikitoka kavu. Ile ya chuma naipeleka Mikumi, kwa swala wanaokula nyasi kando ya barabara. Nikichelewa kuzungusha, wanaondoka zao, nami nafunga mdomo.