Binti wa Waridi Jeupe

Mvua ya Oktoba ikishanyesha Nyeri, unaamka siku moja unakuta kahawa imechanua, na harufu tamu imejaa hadi jikoni. Harufu hiyo hunirudisha shuleni Ruring'u, miaka michache baada ya Uhuru, tulipokuwa tukifundishwa wafalme wa kale wa Uingereza. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda nakosea. Lakini nakumbuka koo mbili za ndugu zilizopigania kiti cha ufalme miaka mingi, moja ikiwa na alama ya waridi jeupe, nyingine jekundu. Mwalimu wetu, mtu mpole kutoka magharibi mwa nchi, alitaka tuwaigize siku ya wazazi. Mimi nilipewa kuwa binti wa waridi jeupe. Mawaridi hatukuwa nayo, akasema maua ya kahawa yatatosha, na asiye na ua hataigiza.

Haba na haba hujaza kibaba, na kwa baba kila ua lilikuwa tunda la kesho. Aliniita Mama, kwa kuwa nina jina la mamake, ila heshima hiyo haikufika shambani nilipomweleza mchezo wetu na kumwomba maua.

"Mama, hao wa maua nyeupe walishinda?"

"Hapana. Mfalme wao aliuawa vitani."

"Ati nipoteze kahawa kwa mtu wa kushindwa?"

Nikalia. Kisha nikamweleza kwa kwikwi kwamba mshindi wa waridi jekundu alimwoa binti wa jeupe, na binti huyo ndiye mimi. Baba akaweka jembe chini.

"Alilipa mbuzi ngapi?"

"Mwalimu hakusema."

"Hapo ameruka maneno. Lakini kama walioana, vita iliisha."

Akakata tawi moja: kwenye ncha maua meupe, nyuma yake matunda mekundu yaliyoiva. "Mshike hii nyinyi wawili."

Siku ya wazazi tulilishika, mimi na bwana harusi wangu, mvulana kutoka mtaa wa Skuta, na wazazi wakapiga vigelegele. Tulipomaliza, baba alikuja akachuma yale matunda, akayatia mfukoni mwa koti. "Hii ni ya kiwanda. Maua ni yako, Mama."

Sisemi zamani kulikuwa bora; fimbo zilikuwepo, na wajukuu wangu hawajapungukiwa kitu kwa kutowajua wafalme wale. Shamba limegawanywa, imebaki miti michache nyuma ya nyumba. Kila Oktoba mimi hutafuta tawi lenye rangi zote mbili. Nikilipata, nachuma matunda. Maua nayaacha.