Ng'ombe wa Bibi Kwenye Ukuta wa Bucha

Juzi nimepita tena Bariadi. Sikuwa na shughuli ya maana. Miguu yangu haijawahi kupatana na sehemu moja: nimeshakaa Mwanza, nikakaa Tabora, nikafika mpaka Tunduma, na mtu akiniuliza kwetu ni wapi huwa nachelewa kidogo kujibu. Nilishuka stendi nikatembea taratibu kuelekea Somanda, nikikwepa bodaboda, mpaka mahali ambapo zamani shangazi yangu alikuwa na mgahawa wa chai. Mgahawa haupo. Bucha ya jirani ipo. Juu ya mlango wametundika bango la plastiki lililochapwa kwa mashine, na kwenye bango kuna ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe, mnene, anang'aa, hana nundu, amesimama kwenye majani mabichi ambayo kwetu hayaonekani hata mvua ikizidi.

Nikamuuliza kijana wa bucha, "Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Wa nani kivipi, mama?" Akacheka. "Huyo tumemtoa mtandaoni. Nikukatie nusu?"

Nikamwambia anikatie nusu. Lakini wewe nitakusimulia, maana kuna siku swali hilo hilo liliulizwa mahali pale pale, barabara ikajaa watu, na aliyesababisha yote nilikuwa mimi.

Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nikiishi Ngulyati na bibi yangu, mama yake baba, sisi wawili na ng'ombe mmoja aliyeitwa Kabula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Kabula alikuwa mwekundu, ana baka jeupe shingoni, sikio moja limekatwa alama ya ukoo wetu, na pembe yake moja ilikuwa imeinama kuangalia chini kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Maziwa yake hayakuwa mengi. Bibi alimkamua kila asubuhi huku akimsimulia habari za jana, na mimi nikiwa bado kitandani nilizisikia habari hizo kabla sijasikia jogoo.

Mwezi wa sita, pamba ikishavunwa, vichaka vya miiba kando ya barabara huota mvi, kwa nyuzi zinazodondoka kwenye malori. Mwaka ule shule ilipofunga, shangazi alikuja kunichukua nikakae naye mjini likizo nzima. Kwako Bariadi ya wakati ule ingekuwa kijiji kikubwa tu, bado tulihesabiwa mkoa wa Shinyanga. Kwangu ilikuwa dunia.

Niligundua kwamba mjini michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu tulivyokuwa tukitia mfukoni kwenda kuchunga, huchemshwa na karanga za kusaga ikaletwa mezani kwenye sahani, na mtu mzima mwenye tai anaila kwa uma. Niligundua barafu ya ukwaju kwenye kimfuko cha plastiki. Ya kwanza niliitupa chini nikidhani imeniunguza, shangazi akacheka mpaka akakaa. Na niligundua picha. Kule Ngulyati ukuta ulipakwa udongo na majivu basi. Mjini kuta zilikuwa na mambo. Kinyozi alikuwa na ubao wenye vichwa sita vya mitindo sita ya nywele, ila ukitazama vizuri unaona vichwa vyote ni vya mtu mmoja. Kila asubuhi nikienda kuchota maji nilisimama pale kuwasalimia wale mapacha sita.

Aliyevichora alikuwa fundi mmoja mwembamba, mtu wa pwani, ambaye sijui upepo gani ulimtupa kwetu. Alikunywa chai kwa shangazi kila siku saa nne, mikono imejaa rangi. Nilimuuliza kwa nini watu wake wote wana uso mmoja.

"Binti, mimi uso ninaoujua kwa moyo ni mmoja," alisema. "Wa kaka yangu. Nywele ndizo nabadilisha."

Wiki ile mwenye bucha alimpa kazi ya kumchorea ng'ombe ukutani. Fundi akapanda kwenye debe, akachora tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alipoteremka, watu waliokuja gulioni wakaanza kukusanyika. Sasa, wewe unawajua watu wetu. Msukuma unaweza kumdanganya kwa mengi, lakini si kwa ng'ombe.

"Fundi, huyo ni mbwa mwenye pembe?"

"Nundu yake iko wapi? Mmeshaila?"

"Kiwele kiko kifuani! Ndama wake atanyonya kwa ngazi!"

Mwenye bucha akatoka, kisu mkononi, akatazama, akashika kiuno. "Fundi, mimi nauza nyama ya ng'ombe. Leo watu wawili wameshaniuliza kama nauza punda."

"Kwetu ng'ombe tunamwona akiwa kwenye sahani," alijitetea fundi. Watu wakacheka zaidi, lakini niliona ameinamisha uso, nikamhurumia. Nikachukua kipande cha mkaa jikoni kwa shangazi, nikaenda ukutani nikasema, "Nundu inakaa hapa." Nikaichora. Nikashusha mgongo, nikarudisha kiwele mahali pake, nikanyoosha miguu. Fundi akanifuata na brashi nyuma nyuma, akauliza rangi, nikamwambia mwekundu. Akauliza, "Wote?" Nikamwambia hapana, shingoni ana baka. Na sikio lina alama.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Sikujua kuchora ng'ombe. Nilijua kumchora Kabula. Kama fundi na kaka yake, nami nilikuwa na mmoja tu niliyemjua kwa moyo. Ila kitu kimoja nilikibadilisha. Pembe ile iliyoinama niliinyanyua, zikawa mbili nzuri zinazolingana. Watu wakapiga makofi, mwenye bucha akatabasamu, na chini ya miguu ya Kabula fundi akaandika kwa herufi nyekundu: NYAMA SAFI IPO.

Siku mbili baadaye jirani yetu wa Ngulyati alikuja hospitali. Akapita mbele ya bucha, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akaendelea na safari yake. Habari ikafika kijijini kabla ya jua kuzama.

Kesho yake, nikiwa naosha vikombe, lori la pamba likasimama barabarani. Juu ya pamba alikuwa bibi. Wanaume wawili wakamsaidia kushuka, kilemba chake kimejaa nyuzi nyeupe, fimbo ya kuchungia mkononi. Shangazi akamkimbilia. Bibi akampita kama anavyopita nguzo ya simu. Akaenda moja kwa moja mpaka ukutani, akagusa sikio lenye alama, akagusa baka. Halafu akamgeukia mwenye bucha.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu," alijibu mwenye bucha, akimwita mama kwa Kisukuma. Hasira ni hasira, lakini salamu lazima zimalizike.

"Mhola?"

"Mhola duhu, mayu. Karibu."

"Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Mayu, hii ni picha."

"Picha ya nani?"

"Ya ng'ombe tu."

"Huyo Ng'ombe Tu mimi sijawahi kumwona. Anachungwa wapi? Huyu ni Kabula. Amelala kwangu jana, nimemkamua leo, na ninyi mmeshamwandika nyama. Nani kamleta hapa?"

Watu wakaanza kusogea. Wenye baiskeli wakashuka. "Jibu, bwana bucha!" mmoja akapaza sauti. "Leo umekamatwa na ngozi ukutani!"

Mwenye bucha jasho likamtoka. Kuitwa mwizi wa ng'ombe, huku kwetu, si jambo la kuchekea. "Mayu, usinipakazie mbele za watu," akasema kwa haraka. "Mimi bado sijamchukua! Binti yako ndiye aliyekuja tukaongea. Tumeongea tu."

Bibi akageuka polepole. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, birika mkononi, chai ikimwagika chini bila yeye kujua.

Mimi sikuwa na habari, na hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa wao wawili. Bibi alikuwa na kifua. Kila kiangazi vumbi lilipoanza alikohoa mpaka akashika ukuta, na shangazi alikuwa amemsihi miaka mingi ahamie mjini, karibu na hospitali. Jibu lilikuwa lile lile kila mara: Kabula nitamwachia nani?

"Mama," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "kiangazi kilichopita umelala siku tatu hakuna wa kukupa maji ila mtoto huyu. Ningekuja kumzika mama yangu kwa sababu ya ng'ombe?"

"Kwa hiyo ukaona Kabula aondolewe, mimi nitafuata nyuma kama ndama."

Shangazi akalia. Nami nikaona ugomvi wote huu umetokana na mkaa wangu, nikasogea mbele na mikono yangu ya povu. "Bibi, ni mimi niliyemchora. Sikujua kama wanataka kumuuza. Sikujua kuchora mwingine."

Bibi akanitazama. Akautazama ukuta tena, sasa kwa utulivu, kama mtu anayekagua mtoto aliyerudi kutoka safari. Akainua fimbo, akaiweka kwenye pembe.

"Na hii?"

Nikafuta povu kwenye gauni.

"Pembe yake inaangalia chini. Wewe umeinyanyua. Ulimwonea aibu kwa watu wa mjini?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo nikalia kweli, rafiki yangu, kuliko shangazi.

"Fundi," bibi akaita. Fundi akaja mbio, "Shikamoo bibi, shikamoo." "Marahaba. Ishushe pembe hii. Ukishamaliza, mchoree ndama ananyonya. Ng'ombe anayenyonyesha hakuna wa kumpeleka machinjioni."

"Mayu, utaniua biashara!" alilia mwenye bucha. "Bucha gani ina picha ya ng'ombe na mtoto wake?"

"Wako utamchora ukishamnunua," bibi alisema, na barabara nzima ikaangua kicheko, mwenye bucha mwenyewe akiwemo mwishoni.

Fundi alishusha pembe. Ndama nilimchora mimi kwa mkaa, yeye akafuatisha rangi. Alasiri hiyo bibi aliketi kwenye benchi la shangazi, akakubali chai, kisha nikamletea barafu ya ukwaju. Aliishika kwa upindo wa kanga, akaigusisha kwenye meno, akafumba macho. "Hii ni asubuhi ya mwezi wa saba," akasema, "kuna mtu kaifungia kwenye mfuko." Akaila yote.

Alikaa mjini wiki moja, jirani yule akimtunzia Kabula, akaenda hospitali, akapewa dawa. Alilala kitanda kimoja na shangazi, na nilisikia wakiongea kwa Kisukuma, polepole, mambo ambayo sikuyafuatilia. Halafu akarudi kwa Kabula, nami nikarudi naye kabla likizo haijaisha. Shangazi hakutaja tena habari ya kuhama. Alianza kuja Ngulyati kila Jumapili baada ya kanisa, na dawa za kifua kwenye mkoba. Miaka michache baadaye Kabula alikufa kwa uzee, amelala ubavu, bibi kamshika shingo. Shangazi alidhani sasa mama yake atakuja. Hakuja. Alikuwepo mtoto wa Kabula aliyezaliwa baadaye, na yule naye ilibidi asimuliwe habari za jana. Bibi amezikwa Ngulyati, na shangazi naye sasa hayupo.

Mwenye bucha hakumfuta Kabula. Alilalamika kila siku, lakini hakumfuta, na watu wa Somanda walizoea kuelekezana: pita kwenye bucha ya ng'ombe mwenye ndama. Lini alifutwa sijui. Nilikuwa nimeshaanza kuzunguka dunia hii, na kila mji nilioondoka sikuacha nyuma kitu chochote cha kuniuliza nitarudi lini. Zamani nilimwona bibi mkaidi. Siku hizi namwonea wivu.

Juzi, nyama yangu mkononi, niliketi kwenye kibanda cha chai upande wa pili wa barabara. Nikaomba kalamu kwa muuzaji, nikageuza karatasi niliyofungiwa maandazi, nikamchora. Mkono haukusahau. Nundu ilikuja mahali pake, baka likaja, sikio likaja na alama yake. Nikafika kwenye pembe.

Ilikuwa ipi, ya kushoto au ya kulia?

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Nilifumba macho, nikamwona bibi, nikaiona fimbo yake ukutani, nikaziona hata nyuzi za pamba kwenye kilemba. Pembe sikuiona. Mwishowe nikaiinamisha moja, nikakunja karatasi nikaitia mkobani. Kama nimekosea, hakuna tena mtu wa kushuka kwenye lori pale barabarani aje anikosoe.